Namba ya Watanzania iliyomrudisha binti yangu kwenye hesabu

Wapo watu wenye namba zao za bahati. Ya kwangu ni 61,741,120, na ni yako pia kama karani wa sensa alikufikia. Ndiyo idadi ya watu iliyopatikana katika Sensa ya Watu na Makazi, iliyohesabu waliolala nchini usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022. Rais Samia Suluhu Hassan aliitangaza Dodoma, 31 Oktoba mwaka huo. Wengi wetu tuliisikia redioni, tukasema "kumbe tuko wengi hivi," tukaendelea na shughuli zetu.

Mwaka huu nimeitoa tena namba hiyo, na safari hii sababu ni daftari la mtoto.

Ninauza mchele hapa Rudewa, wilayani Kilosa. Binti yangu yuko darasa la tano. Muhula wa kwanza alianza kurudi na daftari la Hisabati lenye kurasa nyeupe. Angekuwa anakosea ningeelewa, lakini alikuwa haandiki kabisa. Nilipomuuliza alinijibu kwa utulivu ulionitisha: "Mama, hesabu siziwezi. Nimezaliwa hivyo."

Baadaye nilijua maneno yale yalikotoka. Mtu mzima mmoja alimwambia mbele ya wenzake kwamba hesabu zina vichwa vyake, na yeye akaelewa kuwa kichwa chake hakimo.

Mzazi mwenzangu, mtoto anayekosea unaweza kumsahihisha. Asiyeandika huna cha kusahihisha. Na mbele yake kuna mlima mwingine: akifika kidato cha kwanza, yale yale atayasoma kwa Kiingereza. Anayeingia huko akiwa ameshakata tamaa kwa Kiswahili, atakata tamaa mara mbili. Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakitoka tunasikia Hisabati imeangusha wengi. Nadhani baadhi yao walianguka siku nyingi kabla ya mtihani, wakiwa na umri wa binti yangu.

Mimi niliishia darasa la saba, na tuisheni ina gharama. Nilichokuwa nacho ni jioni, kalamu mbili, na simu yenye kikokotoo. Nikaamua kutafuta namba kubwa kuliko zote alizokuwa anazikimbia. Nilikuwa na sababu: hakuna anayemtegemea mtoto wa darasa la tano aijue namba ya tarakimu nane, kwa hiyo akishindwa hakuna aibu. Tungekuwa wageni wote wawili.

Kwanza tuliisoma

Nilimwandikia 61,741,120 kwenye karatasi nikamwambia asome. Alisoma tarakimu moja moja, kama anayesoma namba ya simu. Nikamwonyesha ile mikato miwili: ya kwanza inatenga milioni, ya pili inatenga maelfu. Shuleni anafundishwa kusoma "milioni sitini na moja, mia saba arobaini na moja elfu, mia moja na ishirini." Sokoni mimi ningesema "laki saba na arobaini na moja elfu." Tukakubaliana kuwa ni kitu kimoja.

Akauliza: "Ni nyingi kiasi gani?" Tukapiga hesabu. Ukihesabu mtu mmoja kila sekunde, bila kula wala kulala, utahesabu 86,400 kwa siku. Kuwamaliza Watanzania wote kutakuchukua siku 714 na saa 14 hivi. Karibu miaka miwili. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Kwa hiyo makarani walikuwa wengi."

Netiboli na mpira wa miguu

Binti yangu anacheza netiboli, na timu ya netiboli ina wachezaji saba. Nikamuuliza: Watanzania wote wakijipanga katika timu za netiboli, yupo atakayebaki bila timu?

Akaanza kugawanya kwa 7, tarakimu baada ya tarakimu, njia ile ile aliyofundishwa kwa namba ndogo. Sita haitoshi, chukua 61. Saba mara nane, 56, baki 5. Teremsha 7, inakuwa 57. Akaendelea hivyo hadi mwisho. Jibu likatoka 8,820,160, baki sifuri. Hakuna hata mmoja aliyeachwa nje. Na kwa kuwa 8,820,160 ni namba shufwa, kila timu ina mpinzani wa kucheza naye.

Kaka yake akadandia: "Na mpira wa miguu?" Wakagawanya kwa 11. Timu 5,612,829, baki mtu mmoja. "Huyo ndiye refa," akasema binti yangu. Halafu akaona jambo jingine mwenyewe: 5,612,829 ni namba witiri, kwa hiyo timu moja haina mpinzani. Netiboli ikashinda, na jioni ile kelele ziliisha tumechelewa kula.

Njia ya mkato inayofaa kujua

Nina mteja wangu wa mchele, mwalimu mstaafu. Nilipomsimulia alicheka, akaomba kalamu. Akasema kugawanya kote kule si lazima, mikato ya kwenye namba inatosha kukupa jibu.

Siri ni 1,001, kwa sababu 7 mara 11 mara 13 ni 1,001. Elfu moja inapungua moja tu kufikia 1,001. Basi elfu 741 zina upungufu wa 741. Milioni nayo inazidi kwa moja: 999,999 inagawanyika kwa 1,001 bila baki, na milioni ni hiyo ukiongeza moja. Basi milioni 61 zinabakisha 61. Mwishoni kuna 120 zinazojisimamia.

Kwa hiyo unafanya hivi tu: 61 ukijumlisha 120 unapata 181. Ukilinganisha na 741, kuna upungufu wa 560. Hiyo 560 ni 7 mara 80, kwa hiyo kwa 7 hakuna baki. Kwa 11, 560 ni 11 mara 50 na 10 juu. Tunapungukiwa watu 10 kutimiza timu ya mwisho, maana yake mmoja yuko peke yake. Ni yule yule refa.

Nilimpelekea binti yangu maelezo hayo kama nilivyoyapewa. Alijaribu kwa namba yangu ya simu, kisha ya baba yake, kisha ya kila mtu aliyepita.

Maharage na tisa

Jioni nyingine tulikuwa na maharage mkekani tukiyachambua. Nikamwambia ahesabu 10 na kuyapanga katika mafungu ya tisa. Linabaki moja. Akapanga 100: mafungu 11, linabaki moja. Hakuhitaji kupanga 1,000 ili kuona kuwa litabaki moja pia, kwa sababu 999 inagawanyika kwa 9.

Hapo ndipo ile kanuni ya kujumlisha tarakimu ilipopata maana. Kila kumi, kila mia, kila elfu, kila milioni inabakisha moja. Kwa hiyo ukijumlisha tarakimu unakusanya mabaki yote. Za kwetu: 6+1+7+4+1+1+2+0 ni 22. Ukijumlisha 2 na 2 unapata 4. Watanzania wakijipanga tisa tisa, wanabaki wanne. Wakijipanga tatu tatu, anabaki mmoja.

Kanuni hii inanisaidia hata dukani, kuhakiki jumla niliyoandika haraka haraka. Chukua sensa yenyewe: wanawake walikuwa 31,687,990 na wanaume 30,053,130. Tarakimu za wanawake zinatoa 43, yaani 7. Za wanaume zinatoa 15, yaani 6. Saba na sita ni 13, yaani 4. Jumla kuu nayo ilitoa 4. Zinakubaliana. Zisingekubaliana, ungejua papo hapo kuna kosa. Ila tahadhari: ukikosea kwa kugeuza tarakimu, ukaandika 54 badala ya 45, kipimo hiki hakitakushtua.

Binti yangu alichofurahia hapo ni kwamba wanawake tumewazidi wanaume kwa 1,634,860. Akamtangazia kaka yake.

Kurasa mbili za "haiwezekani"

Darasani walikuwa wamefika kwenye namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea. Kila namba nzima kubwa kuliko 1, iwe kubwa kiasi gani, ama ni tasa yenyewe ama imejengwa kwa kuzidisha namba tasa, na kila moja ina mjengo wake mmoja tu. Tukaamua kuutafuta mjengo wa namba yetu.

Mwanzo ulikuwa rahisi. Gawa kwa mbili: 30,870,560. Tena: 15,435,280. Tena: 7,717,640. Tena: 3,858,820. Tena: 1,929,410. Tena: 964,705. Mara sita, ndipo ikakataa. Inaishia na 5, tukagawa kwa 5: 192,941. Saba tulishaijua: 27,563.

Hapo tukakwama. Mwalimu mstaafu alitupa mpaka: tusijaribu zaidi ya 166. Kwa nini? Kwa sababu 167 mara 167 tayari inapita 27,563. Kama kuna namba mbili zinazozidishana kupata hiyo, ndogo yao lazima iwe 166 au chini yake.

Basi binti yangu akaanza. Saba kwa mara ya pili: baki 4. Kumi na moja: baki 8. Kumi na tatu: baki 3. Kumi na saba: baki 6. Kumi na tisa: baki 13. Ishirini na tatu: baki 9. Jioni ya kwanza ikaisha. Kesho yake 29: baki 13. Thelathini na moja: baki 4. Thelathini na saba: baki 35. Arobaini na moja: baki 11.

Nilitazama lile daftari. Majaribio kumi, yote yamegoma, kurasa mbili zimejaa mwandiko wa mtoto aliyekuwa haandiki. Hakuna hata moja lililokuwa kosa. Kila baki ilimwambia kitu cha kweli: si hii, sogea mbele. Nilitamani yule aliyemwambia kuhusu vichwa angeziona kurasa zile mbili.

Jaribio la 11 lilikuwa 43. Baki sifuri. Jibu 641. Alipiga ukelele, jirani akauliza kuna nini.

Je, 641 nayo inavunjika? Hapa mpaka ni 25, kwa kuwa 26 mara 26 ni 676. Alijaribu namba zote tasa hadi 23, hakuna iliyoingia. Ni tasa. Akaandika mjengo kamili wa Watanzania: 2×2×2×2×2×2×5×7×43×641. Nikazidisha kwa kikokotoo cha simu, kila kitu kikarudi mahali pake.

Hiyo 641 ina historia yake. Katika karne ya 17, Mfaransa Pierre de Fermat aliamini kuwa 4,294,967,297 ni namba tasa. Mwaka 1732, Leonhard Euler, mtaalamu wa hisabati kutoka Uswisi, alionyesha kuwa inagawanyika: ni 641 mara 6,700,417. Binti yangu alipenda sana kusikia kuwa mtu mashuhuri alikosea, na bado akabaki mashuhuri.

Mchezo wa 6174

Tazama tarakimu nne za mwanzo za namba yetu: 6174. Hizo zina mchezo wake, uliogunduliwa na mwalimu wa shule nchini India, D. R. Kaprekar, aliyeutoa hadharani mwaka 1949.

Chukua namba yoyote ya tarakimu nne, mradi zote zisifanane. Zipange kuanzia kubwa kwenda ndogo, kisha kuanzia ndogo kwenda kubwa, utoe. Rudia kwa jibu unalopata. Mwaka wa sensa, 2022: 2220 toa 0222 ni 1998. Kisha 9981 toa 1899 ni 8082. Kisha 8820 toa 0288 ni 8532. Kisha 8532 toa 2358 ni 6174. Ukiendelea, 7641 toa 1467 ni 6174 ile ile. Umenasa. Namba yoyote utakayoanza nayo inafika hapo, bila kuzidi hatua saba. Kwamba idadi yetu inaanza na tarakimu hizo ni bahati tu, haina maana yoyote kwa taifa. Lakini watoto wangu wamefanya mazoezi mengi ya kutoa kwa hiari yao kuliko mwaka mzima uliopita.

"Na mimi nimo?"

Siku moja aliniuliza kama mdogo wake yumo kwenye namba ile. Nikamwambia hayumo, alizaliwa mwaka uliofuata. "Na mimi?" Nikamwambia wewe umo, karani alikuja, tukakaa barazani, nikamtajia jina lako na umri wako, akaandika.

Akafikiri. "Asingeniandika ingekuwaje?"

Nikamwambia apige mwenyewe. Ingekuwa 61,741,119. Mpira wa miguu ungekaa sawasawa, refa asingekuwepo. Lakini netiboli ingebaki na timu moja yenye watu sita.

"Kwa hiyo ni mimi niliyetimiza timu," akasema.

Nilimwambia ndiyo. Ni kweli kwa kila mtu kati ya wale milioni 61, lakini jioni ile ilikuwa kweli kwake, nami sikuongeza neno.

Kwa mzazi mwenzangu

Binti yangu hajawa wa kwanza darasani. Katika jaribio la mwisho wa muhula alipata maswali machache zaidi ya nusu. Lakini alijibu yote, na yale aliyokosa yalikuwa na njia iliyoandikwa, mwalimu akaweza kuona alipotelea wapi. Ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Kama una mtoto aliyeanza kusema hesabu haziwezi, huhitaji kujua jibu ndipo ukae naye. Mara nyingi ni afadhali usilijue, mtafute pamoja. Tumia robo saa jioni moja au mbili kwa wiki. Chagua namba yenye maana kwenu: kilometa za barabarani, namba iliyoandikwa kwenye mita, tarakimu 20 za tokeni ya LUKU baada ya kuziingiza. Akikwama, muulize amejaribu nini na baki ni ngapi, usimwambie ni rahisi. Na wakubwa wanaoongea karibu naye waombe wasimpangie kichwa.

Wa kuanzia huyu hapa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923. Kwa netiboli haikai: wanabaki wanne. Lakini kati ya 10 na 15 ipo namba moja inayoigawanya bila baki. Mpe mwanao kalamu, na wewe chukua yako.